Nimefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, narudi kazini nakuta HR kala likizo yangu na mshahara kakata. Hii imekaaje wakuu?

Stookipa_wa_Vingunguti

Wakuu habari za muda huu, naomba mawazo yenu kabla sijaharibu mambo maana Jumatatu nasubiriwa ofisini na peni.

Mimi ni stookipa kwenye kiwanda kimoja cha vifungashio maeneo ya Vingunguti, nina mkataba, nimeshatimiza miaka miwili na miezi minne na sijawahi kupewa hata barua ya onyo. Mwezi uliopita Alhamisi usiku tumbo likanishika upande wa kulia, nikadhani ni yale maharage ya mama ntilie wa getini, nikanywa maji ya uvuguvugu nikalala. Kufika saa tisa usiku siwezi hata kunyoosha mguu, wife akaita bajaji, hospitali wakanibonyeza kidogo tu wakasema kidole tumbo hicho, asubuhi nikaingizwa chumba cha upasuaji. Nimelazwa siku 4, nikatoka na ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ya siku 14, kidonda kikaanza kutoa maji nikarudi wakaniongezea siku 7. Jumla siku 25. Supervaiza wangu nilimtumia meseji ya Wasap siku ileile ya kwanza nikiwa kitandani, akajibu "pole sana kijana wangu, ugua pole", na voisi noti ya kunitakia heri ninayo.

Nimerudi naripoti, mwisho wa mwezi nafungua slipu nakuta pungufu 113,600 na ushee (mshahara wangu 620,000). Kwenda kuuliza, HR ananiambia sera ya kampuni ni siku 14 tu za kuumwa, hizo 11 zilizozidi zimelipwa nusu mshahara. Sawa, nikanyamaza. Juzi naangalia likizo yangu kwenye mfumo, nilikuwa nimebakiza siku 14 nilizozitunza niende Korogwe Desemba, nakuta zimebaki 3! Nikamrudia, akasema eh, zile 11 imebidi ziingie kwenye likizo ya mwaka ili "faili likae sawa", halafu akatoa karatasi nisaini. Nimeisoma, chini kabisa imeandikwa "Mimi ................. naomba kwa hiari yangu siku ....... nilizokuwa mgonjwa zihesabiwe kama sehemu ya likizo yangu ya mwaka." Kwa hiari yangu! Nikamwambia naomba nikaisome nyumbani, akasema Jumatatu asubuhi iwe mezani kwake.

Sasa swali, nisaini yaishe au nigome? Na nikigoma wanaweza kunitafutia sababu wakanitimua? Nina watoto wawili wakuu, mmoja ndo kaanza darasa la kwanza.

---

Kanyaga_Twende

Pole mkuu. Karibu sekta binafsi, huku kuumwa ni anasa kama kula pizza. Nimekaa paleeee nawasubiri wajuzi.

---

Utumishi_Mstaafu

Usisaini.

Sasa nieleze. Nimekaa kwenye ofisi za utumishi viwandani miaka 11, hizo karatasi za "kwa hiari yangu" nyingine nimezitengeneza mwenyewe kwa mikono hii (Mungu anisamehe), kwa hiyo ninachoongea nakijua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32. Mfanyakazi ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 ndani ya mzunguko mmoja wa likizo. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara KAMILI, siku 63 zinazofuata ndo unalipwa nusu. Na mzunguko wenyewe kwa likizo ya ugonjwa sio mwaka mmoja kama watu wengi wanavyodhani, ni miezi 36, kwa hiyo hizo 126 ni za miaka mitatu, mtu asije akadhani anapewa kila Januari. Wewe mkuu umeumwa siku 25. Kama hukuwahi kuumwa sana kabla ya hapo hata nusu ya zile 63 hujafika, hiyo nusu mshahara wameitoa wapi? Sera ya kampuni inaweza kukupa zaidi ya sheria, kukupa pungufu haiwezi, hata waiandike kwa wino wa dhahabu waibandike ukutani.

Hapo ni mshahara. Sasa likizo. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 31, inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, na inamkataza mwajiri kukuchukulisha likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine uliyo na haki nayo. Kuumwa ni likizo yake peke yake na kwenda Korogwe kula muhogo ni likizo yake peke yake. Kinachoruhusiwa kupunguzwa kwenye zile 28 ni siku za ruhusa ya malipo ambazo mfanyakazi MWENYEWE AMEOMBA, mfano ulipoomba siku mbili ukasimamie harusi ya mdogo wako. Umeelewa sasa kwanini karatasi imeandikwa "naomba kwa hiari yangu"? Wanataka ugonjwa wako ugeuke kuwa ombi. Ukishatia sahihi hapo siku ukienda kulalamika wanaitoa kwenye faili wanamwonyesha msuluhishi, huyu hapa aliomba mwenyewe.

Na kuna kitu nadhani hata wewe hujakigundua. Likizo ya mwaka inalipwa mshahara kamili si ndiyo? Kama siku 11 wamezihamishia kwenye likizo basi wakulipe kamili. Kama ni za ugonjwa za nusu mshahara (ambazo nazo sio halali) basi likizo wasiguse. Wao wamefanya vyote viwili kwa siku zilezile 11. Hapo umechinjwa mara mbili mkuu, na huyo HR wako ama hajui hesabu ama anajua sana.

Niulize kimoja, ED zako uliwapelekea? Kwa maana hiyo ndo njia pekee ya wao kuchomoka, sheria inasema mwajiri halazimiki kulipa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari.

---

Bosi_Mdogo_Tegeta

Naona mnamshambulia mwajiri tu ngoja na mimi niongee wa upande wa pili mnitukane vizuri. Nina karakana ya aluminiamu, vijana 8. Siku 126 mnazozitaja kwa kiwanda cha watu mia nne ni sawa, kwangu mimi kijana mmoja wa kukata vioo akikaa nje siku 63 kwa mshahara kamili maana yake nimlipe yeye na nimlipe deiwaka wa kushika nafasi yake, na mteja wa Bunju haelewi mambo ya vifungu anataka madirisha yake.

Halafu ED zenyewe jamani. ED ya Jumatatu ndo usiseme, Simba na Yanga zikicheza Jumapili mimi najua kabisa kesho nina wagonjwa wawili. Mwaka jana kijana kaniletea ED imegongwa muhuri safi, imesainiwa, siku tatu mapumziko, naisoma naona arudi kazini tarehe 31 mwezi wa sita. Juni ina siku 31 lini? Nikamuuliza akasema labda daktari kakosea. Nikapeleka mguu mpaka kwenye hiyo zahanati, nakuta fremu imefungwa sasa wanauza vipodozi, jirani ananiambia zahanati ilishahama muda tu. Muhuri ulibaki unazunguka mtaani unauzwa elfu tano kwa ED moja.

Sisemi mleta mada kadanganya, mtu kapasuliwa tumbo kovu analo. Nasema tu kwamba kabla hatujawa wakali tulichezewa sana.

---

Sista_Wodi_Namba_Tatu

Pole sana kaka Stookipa, kidonda cha kidole tumbo kikianza kutoa maji sio cha kuchezea na wewe kazi yako ni kunyanyua maboksi, angalia hernia (ngiri).

Bosi mdogo sikukatalii, mihuri ya kununua ipo na inatuumiza sisi watu wa hospitali kuliko hata nyie, maana ikishajulikana ED feki zipo basi na ya kweli inatazamwa kama noti ya bandia. Ila na nyie mna vituko vyenu. Mimi nimeshapigiwa simu wodini na mwajiri ananiuliza "sista huyo mfanyakazi wangu anaumwa nini hasa?" Namwambia baba hiyo siri ya mgonjwa, anaanza kufoka eti yeye ndo analipa bima. Kulipa bima hakukupi faili la mtu! Unachotakiwa kukijua kipo kwenye ED: jina la mgonjwa, namba ya faili, anapumzika kuanzia lini hadi lini, jina la daktari na sahihi na muhuri wa kituo. Ukitia shaka piga simu uliza jambo moja tu, je hii ED imetoka kwenu, tunaangalia rejista tunakujibu ndiyo au hapana. Ugonjwa gani, hapo umevuka mstari. Na mwajiri anayemlazimisha mtu kupima HIV ajue kuna sheria ya 2008 inamkataza.

Na kingine niseme ukweli, watu huwa wananibembeleza niwaombee kwa daktari waPUNGUZIWE siku. Mnashangaa eh? Mama kajifungua kwa shida, presha haijashuka, analia "sista naomba aniandikie wiki moja tu, nikikaa nyumbani sana kuna mtu atawekwa kwenye kiti changu". Hao hamuwaoni kwenye hesabu zenu za Jumatatu.

---

Stookipa_wa_Vingunguti

Asanteni sana wakuu, @Utumishi_Mstaafu umenifumbua macho, ile ya kuchinjwa mara mbili sikuiona kabisa nilikuwa nalia na likizo tu.

Kuhusu ED, ya kwanza wife aliipeleka mwenyewe siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, mlinzi hakumruhusu kuingia ndani akaipokea getini akaandika kwenye daftari lake la getini, jina la wife, saa, na "bahasha ya HR". Ya pili niliipiga picha nikamtumia supervaiza Wasap akajibu "sawa imefika", halisi nikaipeleka mwenyewe siku niliyoripoti. HR sasa anasema ya kwanza haikumfikia kwa wakati. Kopi ninazo zote pamoja na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

---

Utumishi_Mstaafu

Mlinzi kakuokoa. Jumatatu ukifika, kabla hujapanda juu pita getini kwa upole kama unamsalimia, omba upige picha ule ukurasa wa daftari. Madaftari ya getini yana tabia ya kujaa ghafla na kupotea.

Kisha fanya hivi, usiende kugombana kwa mdomo maana maneno ya mdomo HR atayasahau ukifunga tu mlango. Andika barua fupi, nusu ukurasa inatosha, kwa lugha ya heshima: niliumwa tangu tarehe fulani hadi fulani, nilileta ED tarehe hizi, naomba nirejeshewe mshahara uliokatwa na siku 11 za likizo yangu kwa mujibu wa kifungu cha 31 na 32. Toa kopi mbili, moja yao, moja wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga muhuri itume kwa imeili ya kampuni. Ile karatasi ya hiari usiichane, usiitupe, itunze, hiyo ni ushahidi wako sio wao. Kama hapo kiwandani kuna tawi la TUICO au chama kingine cha wafanyakazi mpe nakala katibu wa tawi.

Wakigoma kabisa ndo unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu yao namba 1. Zingatia muda, mgogoro wa namna hii una siku 60 tangu ulipotokea, ukizubaa unaanza kuomba kwanza usamehewe kuchelewa na hapo wengi wamekwama. Ungekuwa umeachishwa kazi ingekuwa siku 30 tu. Wanaanza na usuluhishi, mnakaa meza moja na msuluhishi, na nakwambia kesi za aina hii zilikuwa zinaishia hapohapo, mimi mwenyewe nimekwenda kule kama mwakilishi wa kampuni, msuluhishi akaniuliza swali moja tu, "hizi siku 14 za sera yenu zimetoka kifungu gani?" Nikatoka nje kumpigia bosi simu tulipe.

Ulichouliza kuhusu kutimuliwa. Siwezi kukudanganya kwamba hawatakununia. Ila kumwachisha mtu kwa sababu ya ugonjwa sio kuandika tu barua. Kanuni za mwaka 2007 (tangazo la serikali namba 42) zinamtaka mwajiri aangalie chanzo cha ugonjwa, ni wa muda au wa kudumu, je anaweza kupewa kazi nyepesi au kazi nyingine, na mfanyakazi mwenyewe asikilizwe. Hata aliyemaliza zile 126 zote haachishwi kwa kuhesabu kalenda peke yake. Wewe umeshapona, upo stoo unahesabu maboksi, watasema wamekuachisha kwa lipi? Na mzigo wa kuthibitisha sababu ni wa mwajiri sio wako.

---

Deiwaka_Chang'ombe

Nyie mnaongelea mshahara kamili na nusu, huku kwetu deiwaka ukiumwa jina lako halisomwi asubuhi getini basi, hamna ED hamna pole. Nimefanya kiwanda kimoja miaka miwili sasa, miezi mitatu mitatu, mkataba ukiisha wanatupumzisha wiki mbili wanatuita upya ili tusifikishe miezi sita. Vidole viwili vilibanwa na mashine mwezi wa pili nikapewa elfu kumi ya dawa. Sisi sheria hiyo inatuhusu kweli au ni ya wenye viti?

---

Utumishi_Mstaafu

@Deiwaka_Chang'ombe inakuhusu, na mambo yako ni mawili tofauti usiyachanganye.

La kwanza, kweli mwenye chini ya miezi sita hana haki ya likizo za malipo, ndo maana wanawakata kwenye miezi mitatu. Ila waliotunga sheria hawakuwa wajinga, kifungu cha 29 kinasema kama umefanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na jumla ya muda wako mwaka huo imezidi miezi sita, unazipata. Hesabu miezi yako mitatu mitatu uone. Shida yako itakuwa kuthibitisha, kwa hiyo kila kikaratasi cha malipo, kila meseji ya "kesho uje", tunza.

La pili, vidole havikuumwa, viliumizwa na kazi. Hiyo inakwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango wake analipa mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata shilingi. Mwajiri alitakiwa atoe taarifa ya ajali. Elfu kumi ya dawa ilikuwa ya kukunyamazisha. Nenda ofisi zao na karatasi za hospitali ulizonazo, usikae ukisubiri mwaka uishe.

---

Mvuvi_Changamwe

Salamu kutoka Mombasa. Jameni nyinyi wabongo mna siku 63 za mshahara mzima na bado mwalia? Huku kwetu sheria ya 2007 yasema ukishafanya miezi miwili mfululizo wapata siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, khalas. Hicho ndicho kiwango cha chini, kuna makampuni yapeana zaidi kama muna chama chenye nguvu, lakini mimi nilipougua chikungunya mwaka ule wa 2018 ilivyotuzunguka Mombasa nzima, viungo viliuma wiki tatu hata kikombe sikuweza kushika, siku 14 zikaisha nikarudi kazini natembea kama bi kizee. Supavaiza akanicheka akaniambia sasa wafanana na mamako. Basi nikacheka na mimi, ningefanyaje.

---

Mbeba_Boksi_Leicester

Hongereni kwa mjadala. Mimi nabeba boksi huku Uingereza, nafanya kwenye nyumba ya kulelea wazee, nimeona niwape picha ya huku maana watu wa nyumbani mnadhani wazungu wamemaliza kila kitu.

ED feki huku sio tatizo sana kwa sababu siku 7 za kwanza huhitaji karatasi ya daktari, unajaza mwenyewe fomu kwamba uliumwa, daktari anaandika kuanzia hapo kwenda mbele. Raha eh? Subiri. Malipo ya kisheria ya ugonjwa ni kidogo mno, kwa miaka mingi yalikuwa kiwango kimoja cha wiki kisichojali mshahara wako ni mkubwa au mdogo, na siku 3 za mwanzo zilikuwa hazilipwi kabisa. Matokeo yake mtu ana mafua makali anakuja zamu, anamlisha bibi wa miaka 90, wiki inayofuata kolido nzima inakohoa. Bosi kaokoa siku 3 za mtu mmoja kapoteza wafanyakazi sita.

Halafu kuna kitu wanaita Bradford. Ni kihesabu, HR wengi wanakitumia. Unachukua idadi ya MARA ulizokosekana kwa mwaka, unaizidisha kwa yenyewe, kisha unazidisha kwa jumla ya siku. Ndugu yetu Stookipa kakosekana mara moja siku 25, kwa hiyo 1 mara 1 mara 25, pointi 25, mtu safi kabisa. Wale vijana wa Jumatatu wa Bosi Mdogo, mtu akikosa mara tano siku mojamoja ni 5 mara 5 mara 5, pointi 125, anaitwa ofisini. Yaani siku 5 zinamshinda mwenye siku 25. Na kila ukirudi hata ukikosa siku moja unakaa na meneja anakuuliza, unaendeleaje, kuna tunachoweza kukusaidia? Wengine wanauliza kwa moyo, wengine unaona kabisa jicho liko kwenye kompyuta linatafuta pointi zako.

---

Bosi_Mdogo_Tegeta

Hiyo hesabu nimeipenda!! Naibandika karakana kesho.

---

Sista_Wodi_Namba_Tatu

Bosi usibandike kitu kwanza. Nina mgonjwa wangu ana selimundu, kijana mchapakazi kweli, maumivu yakimshika anakuja kwetu tunampa maji na dawa, siku mbili yupo kazini tena. Baridi ikiingia au akichoka sana yanarudi. Tuseme kwa mwaka imemtokea mara nane, siku mbilimbili, hebu piga hiyo Bradford yako: 8 mara 8 mara 16.

---

Bosi_Mdogo_Tegeta

1,024.

Duh. Sawa sista nimekuelewa.

---

Mbeba_Boksi_Leicester

Sista kamaliza. Na ndo malalamiko makubwa huku, inambeba mwenye mguu uliovunjika mara moja inamkaanga mwenye ugonjwa wa kuja na kuondoka, pumu, kipandauso, selimundu. Huku angalau sheria ya usawa ya 2010 inamtaka mwajiri amfanyie marekebisho mtu wa namna hiyo, kwa mfano siku zake za huo ugonjwa zisiingie kwenye pointi, ila lazima ujue kuidai.

---

Kanyaga_Twende

Nilikuja kucheka naondoka na madesa. @Stookipa tupe mrejesho Jumatatu.

---

Stookipa_wa_Vingunguti

MREJESHO wakuu, samahani nimechelewa kidogo, wiki tatu zimepita.

Jumatatu ile nilifika saa moja kasoro, mlinzi bila kinyongo akanifungulia daftari nikapiga picha, hadi jina la wife na saa vinaonekana. Nikapanda juu na barua kopi mbili. HR akauliza fomu iko wapi, nikamwambia bado naisoma, nikampa barua. Kaisoma akiwa amesimama, kafika kwenye kifungu cha 32 akakaa. Akaniuliza "hii umeandikiwa na nani?" Nikamwambia nimeandika mwenyewe mama, ni heshima tu naomba unigongee muhuri. Kagonga. Mkono ulikuwa mzito lakini kagonga.

Siku nne kimya, supervaiza naye kapunguza salamu, zile "kijana wangu" zimeisha sasa naitwa kwa jina kamili kama mahakamani. Siku ya tano nikaitwa na mhasibu, sio HR, akaniambia kulikuwa na "hitilafu ya mfumo" na mshahara utarekebishwa. Na kweli, slipu ya mwezi huu imeingia na 113,666 imeandikwa malimbikizo. Hawakuandika malimbikizo ya nini.

Likizo ndo bado. Mfumo bado unasoma siku 3. Nikiuliza naambiwa linashughulikiwa, na zile siku 60 nazihesabu kwenye kalenda ya ukutani hapa stoo, zimebaki 29. Halafu juzi ubaoni wamebandika tangazo jipya kwamba ED zitapokelewa kutoka hospitali mbili tu walizochagua wao, moja iko Masaki. Sisi tunakaa Vingunguti na Kiwalani, saa tisa usiku nani anakimbiza kidole tumbo Masaki?

---

Utumishi_Mstaafu

Hilo tangazo lipige picha. Sheria inasema cheti cha daktari aliyesajiliwa kinatosha, na hata cha mtabibu mwingine mwajiri hawezi kukikataa bila sababu ya msingi. Hospitali mbili za kuchagua wao wanaweza kupendekeza, kulazimisha hawawezi.

Kuhusu likizo usingoje zile siku 60 zibaki 10 ndo ushtuke. Omba likizo sasa hivi, kwa maandishi, ya Desemba, omba siku nyingi kuliko zile 3 zinazosomeka kwenye mfumo.

---

Stookipa_wa_Vingunguti

Nimejaza leo saa nane mchana, siku 14, Korogwe. Imeandika "inasubiri idhini".